BARUA YA BWANA SHAMBA: Mtoto Akitaka Kusomea Uchoraji

Ndugu msomaji,



Mwezi huu sitaandika juu ya kabichi wala maharage. Nitaandika juu ya shule. Lakini usikunje gazeti. Utaona kwamba habari hii inagusa shamba lako, na hata uhai wa watoto wako.

Wazazi wa Mgeta, Matombo na Mkuyuni wameniuliza swali moja zaidi ya mara moja. Wanasema: "Bwana Shamba, nimeuza mboga na ndizi ili mtoto asome. Sasa amemaliza sekondari, anasema anataka kusomea kuchora picha. Je, kuchora ni elimu au ni mchezo?"

Swali hilo si dogo. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba akikubali na mjomba akikataa, safari inaweza kufa. Kwa hiyo afadhali wote wajue mtoto anakwenda kujifunza nini hasa.

Mimi si mchoraji. Lakini nilifanya kazi wiki tatu na wanafunzi wa masomo hayo. Tulikuwa tunatengeneza bango la kuwaeleza wakulima hatari ya dawa za wadudu. Niliyoyaona ndiyo nitakayokueleza.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Mjini kazi hii huitwa grafiki. Maana yake ni kupanga picha, rangi na maandishi ili mtu aelewe jambo upesi.

Tazama ndani ya nyumba yako. Chukua kanga. Kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo, nao ni mpaka unaozunguka. Kuna mji, nao ni sehemu ya katikati. Na kuna jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Sehemu hizo hazikujipanga zenyewe. Mtu alikaa akafikiri. Pindo liwe pana kiasi gani? Jina likae wapi ili lisomeke mama akijifunga?

Sasa tazama pakiti ya chumvi, noti ya shilingi, kitabu cha mtoto, na gazeti hili unalosoma. Kila kimoja kilipangwa na mtu. Akipanga vizuri, unaelewa. Akipanga vibaya, unachanganyikiwa, halafu unadhani kosa ni lako kwa kuwa hukusoma sana. Mara nyingi kosa si lako.

MASOMO HAYA YANAPATIKANA WAPI?

Katika Afrika Mashariki masomo haya yana umri mrefu. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwake Kampala, Uganda. Darasa lile lilikua likawa shule ya sanaa ya Makerere. Shule hiyo ipo mpaka leo, na ina jina lake.

Mtanzania mmoja aliyesoma pale ni Sam Ntiro. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Baada ya Makerere alikwenda kusoma London, katika shule ya sanaa iitwayo Slade. Alichora watu wa kijijini wakiwa kazini, pamoja na migomba na mashamba yao. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Ntiro alipelekwa Uingereza kuwa balozi wetu. Basi mtu asikuambie kwamba mchoraji hana heshima.

Hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa na usanifu. Bagamoyo pia kuna chuo cha sanaa. Kilifunguliwa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Na vyuo vya ufundi vya VETA vina ufundi wa kupaka rangi na kuandika mabango.

Wapo pia waliofika mbali bila shule hizo. Edward Said Tingatinga alitoka Tunduru. Alichora wanyama na ndege Dar es Salaam, kwa rangi za kung'aa kama zile zinazopakwa baiskeli. Alikufa mwaka 1972, lakini picha za namna yake zinauzwa mpaka leo. Kwa hiyo chuo si njia pekee. Lakini chuo hufundisha mambo ambayo mtu peke yake huyachelewa.

MWAKA WA KWANZA: JICHO NA MKONO

Wengi hudhani mwanafunzi akifika tu anapewa kompyuta. Sivyo. Wanafunzi niliowakuta walianza na penseli na karatasi. Waliwekewa chungu mezani wakaambiwa wakichore. Kesho yake chungu kile kile. Keshokutwa tena.

Binti mmoja wa mwaka wa pili, mwenyeji wa milima yetu, alinieleza hivi: "Shikamoo, mjomba. Mwanzoni nilikasirika. Chungu nimekiona tangu nizaliwe. Mama yangu anakifinyanga. Lakini nilipochora niligundua kwamba sikuwa nimekiona. Sikujua mdomo wake unapinda namna gani."

Hilo ndilo somo la kwanza. Kutazama ni kazi. Wewe mkulima unalijua. Mgeni akipita shambani anaona majani tu. Wewe unaona jani moja lina madoa, na unajua ugonjwa umeingia.

Baada ya hapo huja herufi. Wanafunzi huchora herufi kwa mkono, moja moja. Hujifunza nafasi kati ya herufi na herufi. Herufi zikisongamana, neno halisomeki. Zikiachana mno, neno linavunjika. Ni kama kupanda mahindi. Nafasi ikiwa mbaya, hata mbegu bora haikusaidii.

Kisha huja rangi. Kitabu cha picha za rangi kwa kawaida huchapwa kwa rangi nne tu. Nazo ni buluu, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Rangi nyingine zote hutokana na vidoa vidogo vya rangi hizo nne. Ukiwa na kioo cha kukuzia vitu, tazama picha iliyochapwa gazetini. Utaviona vidoa hivyo.

Kompyuta hufuata. Ni chombo kizuri, nacho huharakisha kazi. Lakini kompyuta ni kama jembe. Jembe halijui mahindi yapandwe wapi. Mwenye kujua ni mkulima.

SIKU YA UKUTANI

Jambo gumu kuliko yote nililoliona ni siku ya kukosoana. Kila mwanafunzi hubandika kazi yake ukutani. Wenzake na mwalimu husimama mbele yake. Mwenye kazi hunyamaza kwanza, nao husema wanachokiona.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amekesha siku mbili. Bango lake lilipendeza sana machoni pangu. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Hili ni la nani?" Mwanafunzi akajibu: "Ni la watu wote." Mwalimu akasema: "La watu wote ni la nani?" Kijana akakosa la kusema. Akaliondoa akaanza upya.

Nilimwonea huruma. Lakini baadaye nilielewa. Chakula cha mgonjwa si chakula cha mvunja kuni. Na bango la msomi wa mjini si bango la mtu aliyejifunza kusoma mwaka jana.

Mzazi, ujue basi kwamba masomo haya si ya kukaa kivulini. Kuna kukesha. Kuna kurudia kazi mara tano, mara kumi. Kuna kuambiwa mbele ya wenzako kwamba kazi haijafaa. Mtoto asiyeweza kusikia neno hilo atapata taabu. Mtoto anayeweza kulisikia, akarudi mezani, huyo atafika.

BANGO LA DAWA

Sasa nije kwenye bango letu.

Wakulima wengi wa Mgeta wanalima mboga. Mboga hizo huteremshwa mpaka Morogoro mjini na Dar es Salaam. Wadudu nao wanazipenda. Kwa hiyo wakulima hupiga dawa. Na dawa ya wadudu ni sumu.

Makopo mengi ya dawa hizo yana utepe wa rangi sehemu ya chini ya karatasi ya maelezo. Rangi hiyo inasema sumu ina ukali gani. Nyekundu ni sumu kali sana. Manjano ni sumu ya kudhuru. Buluu ni sumu yenye ukali mdogo zaidi, lakini tahadhari inatakiwa. Kijani ni ile ambayo hatari yake ni ndogo kuliko zote, lakini kijani nayo si maji ya kunywa. Pia kuna picha ndogo ndogo za glovu, barakoa, gambuti na kunawa mikono, na picha ya kufungia dawa mbali na watoto.

Picha hizo zilipangwa na wataalamu ili zisaidie hata mtu asiyejua kusoma. Nia yao ni nzuri. Lakini niliwauliza wakulima kadhaa maana ya utepe. Mmoja akaniambia: "Nyekundu ni dawa ya nyanya. Kijani ni dawa ya kabichi." Ndugu msomaji, usicheke. Mtu huyo alitumia akili yake. Nyanya si nyekundu? Kabichi si kijani? Hakuna aliyemweleza. Na si hapa tu. Watafiti waliowauliza wafanyakazi wa mashamba wa Afrika Kusini, wakatoa taarifa mwaka 2008, waliona pia kwamba picha za makopo zinaeleweka vibaya.

Basi wanafunzi wakachora bango la kwanza. Walichora mtu anapiga dawa, na mshale mkubwa wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Walichora mtoto ameshika chupa, na juu yake alama nyekundu ya mkato, maana yake usifanye hivi. Tukapanda nalo mlimani. Tukawaonyesha watu bila kuwaeleza kitu.

Mzee mmoja aliutazama ule mshale akauliza: "Huyu anawindwa na nani?" Mama mmoja aliitazama ile alama nyekundu akasema: "Huyu mtoto amepelekwa hospitali kupewa dawa."

Fikiri, ndugu msomaji. Bango lilikusudiwa kusema mtoto asiguse chupa. Mama akaelewa kwamba chupa ni dawa ya kumponya mtoto. Bango hilo lingeweza kuua.

Wanafunzi hawakubishana na mama. Waliandika maneno yake daftarini. Wakarudi chuoni, wakachora upya. Mshale wakauondoa. Badala yake walichora migomba ambayo majani yake yamelala upande mmoja, na moshi wa jikoni unakwenda upande huo huo. Kila mtu akaelewa upepo unavuma kwenda wapi. Ile alama nyekundu wakaiondoa pia. Walichora mama anafungia chupa ndani ya sanduku lenye kufuli, na mtoto anacheza mbali uani. Tulipopanda mara ya pili, watu walitueleza maana yake kabla hatujauliza.

Hapo nilipata jibu la swali la wazazi. Kuchora namna hii si mchezo. Ni kazi ya kulinda watu.

Kabla sijaendelea, nikukumbushe mambo matatu. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Kopo likiisha usilichotee maji wala usilitilie mafuta. Na kama maandishi ya kopo ni madogo, mpe mwenye macho mazuri akusomee kabla hujapiga. Kuuliza si ujinga.

WATU WAULIZWE KWANZA

Wazee wa Uluguru watakumbuka habari za matuta, au walisimuliwa na wazazi wao. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia ilikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini kazi ilikuwa nzito. Udongo usio na rutuba ulifukuliwa ukawekwa juu. Watu waliamriwa, hawakuulizwa. Mwezi wa 7 mwaka 1955 kulitokea ghasia huko Matombo. Polisi walipiga risasi, na mtu akafa. Mpango ule ukaachwa.

Kuhifadhi udongo ni jambo jema, nami nalihubiri kila siku. Lakini jambo jema likiletwa bila kuwasikiliza wenyewe, huharibika. Sisi mabwana shamba lazima tulikumbuke hilo. Wachoraji nao wanafundishwa hilo hilo: muulize kwanza atakayetazama.

JE, ATAPATA KAZI?

Sitakudanganya. Kazi nyingi za grafiki ziko mjini. Ziko katika viwanda vya kuchapa, magazeti, kampuni za matangazo na mashirika. Wengine hujiajiri. Huchora mabango ya maduka, huchapa fulana, hupanga kadi za harusi. Mwanzoni malipo huwa madogo, na wateja wengine hutaka kazi ya bure. Wengine husema: "Si kuchora tu?" Nao wakichorewa vibaya hulalamika.

Masomo yenyewe yana gharama. Kuna ada, karatasi, rangi, na baadaye kompyuta. Shahada kwa kawaida ni miaka 3. Wanaokwenda kusoma shahada wanaweza kuomba mkopo Bodi ya Mikopo, lakini mkopo ni deni, na lazima ulipwe.

Kwa hiyo mzazi, nawe mjomba, kabla ya kukubali au kukataa fanyeni mambo manne.

Kwanza, tazameni madaftari ya mtoto. Je, anachora kila siku hata asipoambiwa? Au ameanza kuchora wiki hii kwa kuwa rafiki yake anakwenda chuo?

Pili, mpeni kazi. Aandike tangazo la mkutano wa kijiji. Watu wakisome. Kisha mwambieni kasoro zake, mwone anapokeaje.

Tatu, nendeni wote mkaone chuo kabla ya kulipa. Ulizeni kama chuo kimesajiliwa. Ulizeni waliomaliza wanafanya kazi wapi. Msimpe mtu pesa njiani.

Nne, kama fedha haitoshi, fikirieni njia fupi. Mtoto anaweza kuanza VETA, au kwa fundi wa mabango mjini Morogoro. Baadaye akipata uwezo ataendelea.

Na jambo moja zaidi. Msimkataze binti kwa sababu ni binti. Katika milima yetu nani anafinyanga vyungu? Nani anasuka mikeka na kupanga rangi za ukili? Ni mama zetu. Ufundi huu haukuanza leo.

JARIBU MWENYEWE

Hata wewe usiyekwenda chuo unaweza kutumia elimu hii. Kijiji chako kina ubao wa matangazo. Ukitaka kuandika tangazo, fanya hivi.

Andika jambo moja tu katika karatasi moja. Ukiweka mambo matano, watu hawatakumbuka hata moja.

Andika siku, saa na mahali kwa herufi kubwa kuliko nyingine.

Acha nafasi tupu pembeni. Usijaze karatasi yote. Macho nayo hutaka kupumua.

Tumia wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Manjano juu ya nyeupe haisomeki.

Kisha bandika tangazo kwenye mti. Rudi nyuma hatua 10. Je, unasoma? Kama husomi wewe uliyeandika, mwingine atasomaje? Mwishowe mwite mtu aliyejifunza kusoma hivi karibuni. Akwambie ameelewa nini. Usimsaidie. Msikilize tu.

Ukifanya hivyo, umefanya kazi ile ile wanayofanya wanafunzi wa grafiki chuoni.

Mwezi ujao tukijaliwa tutarudi shambani. Nitaeleza namna ya kutunza miche ya kabichi wakati wa baridi.

Wasalaam,
Bwana Shamba wako

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Chukueni kanga moja. Onyesheni pindo, mji na jina. Je, jina linasomeka vizuri? Kwa nini?

2. Tafuteni kopo la dawa ya wadudu lililofungwa. Lina utepe wa rangi gani? Rangi hiyo ina maana gani? Nawieni mikono baada ya kulishika.

3. Kwa nini mama alidhani mtoto wa kwenye bango amepelekwa hospitali? Ninyi mngechora namna gani?

4. Je, katika kijiji chenu kuna tangazo ambalo watu walilielewa vibaya? Nini kilitokea?

5. Mtoto wenu akitaka kusomea uchoraji, mtamwuliza maswali gani? Nani katika ukoo anapaswa kushauriwa?